Mashudu yaliyokosa ankara: kwa wewe unayeanza uhasibu wa gharama kiwandani

Nilipoajiriwa kwenye kiwanda cha kukamua alizeti mkoani Singida nilikuwa na cheti kipya, shati jipya, na imani kwamba kila kitu kina gharama yake na kazi ya mhasibu ni kuitafuta tu mpaka aipate. Imani hiyo ilidumu miezi mitano. Ilikatika siku moja ya Desemba, mbele ya Fuso lililokuja kuchukua mashudu, yale mabaki ya mbegu zilizokwisha kukamuliwa.

Mteja alikuwa mtengenezaji wa chakula cha kuku kutoka Arusha. Bei walishaelewana na mtu wetu wa mauzo kwa simu, vibarua walishavitoa viroba nje, dereva kashaegesha matairi ya nyuma mlangoni kwa ghala. Tulipofika kwenye kutoa ankara, programu ikagoma: bei iko chini ya gharama. Kizuizi hicho alikiweka mwenye kiwanda mwenyewe, kwa sababu huko nyuma kuna mtu alikuwa akiuza mafuta kwa bei ya kishkaji. Nywila ya kukifungua anayo yeye peke yake, na siku hiyo yuko safarini, simu haipatikani. Nikafungua mfumo kuangalia. Gharama ya kilo moja ya mashudu: shilingi 1,032. Bei sokoni: 500. Na ile 1,032 niliiingiza mimi, kwa mkono wangu.

Fuso lilisubiri hadi saa kumi na moja jioni likaondoka tupu. Siku chache baadaye mvua zikashika, ghala likavuja upande mmoja, viroba vya chini vikaota ukungu. Mashudu yenye ukungu hayauziki tena kwa mtu mwenye akili zake, maana ukishataja sumukuvu, sumu inayoletwa na ukungu, kwa mfugaji umeshamfukuza. Mzee aliporudi nilimwamkia, akaitikia, halafu akaniuliza kwa upole, upole ule unaouma kuliko ukali: "Kijana wangu, haya mashudu ya elfu moja kilo, nikuuzie wewe?"

Sikuwa na jibu. Sasa ninalo, na ndilo ninalotaka ulipate wewe kabla Fuso halijafika mlangoni kwako.

Anza kwa kutoka ofisini ukasimame karibu na mashine ya kukamua. Mbegu zinaingia juu zikiwa kitu kimoja. Ndani parafujo nene la chuma linazisukuma na kuzibana. Chini, kwenye nafasi nyembamba za chuma, mafuta yanachuruzika yakiwa meusi kidogo na yenye povu. Mbele, kwenye mdomo wa mashine, yanatoka mashudu kama vigae vilivyovunjika, ya moto, yananukia kama karanga zilizokaangwa. Pale mdomoni ndipo kwenye hatua ya kutengana. Kabla ya pale huwezi kusema "haya ni mafuta, haya ni mashudu." Kila shilingi uliyotumia kabla ya pale, yaani mbegu, usafiri kutoka kijijini, ushuru wa mazao, umeme, vibarua wa kupepeta, uchakavu wa mashine, ni gharama ya pamoja. Huwezi kukamua mafuta peke yake ukayaacha mashudu ndani ya mbegu. Ni kama nazi: hujawahi kuona mtu akiulizwa tui limemgharimu kiasi gani na machicha kiasi gani. Alinunua nazi.

Kwa hiyo swali la mzee lilikuwa na kosa langu ndani yake. Kilo ya mashudu haina gharama yake ya kweli iliyojificha mahali. Ina sehemu tu tuliyokubaliana kuibebesha. Hili likikuingia, mengine yote ni hesabu za darasa la saba.

Tuzifanye basi. Namba nimezirekebisha zishikike kirahisi. Tumenunua kilo 10,000 za mbegu kwa 850 kilo, jumla 8,500,000. Kuzifikisha na kuzikamua tumetumia 1,300,000. Gharama ya pamoja ni 9,800,000. Yametoka mafuta ghafi kilo 3,000 na mashudu kilo 6,500. Kilo 500 zimepotea kwa vumbi na unyevu, jambo la kawaida. Mafuta ghafi yanauzwa 3,000 kwa kilo, hivyo ni 9,000,000. Mashudu kwa 500 ni 3,250,000. Mauzo yote ni 12,250,000, na faida ya mzigo mzima ni 2,450,000. Ishike hiyo 2,450,000, kwa sababu hakuna mgawanyo wowote utakaoibadilisha mradi kila kitu kimeuzwa.

Mimi niligawa kwa uzito. 9,800,000 kwa kilo 9,500, kila kilo inabeba karibu shilingi 1,032. Ilionekana haki: mzani haupendelei mtu. Matokeo yake mashudu yalibebeshwa 6,705,263 wakati yanaingiza 3,250,000, yakaonekana yanatupa hasara ya 3,455,263. Mafuta yakabeba 3,094,737 tu, yakaonekana yanaleta faida ya 5,905,263. Jumlisha vizuri, utapata 2,450,000 ile ile. Ila kwenye karatasi nimemtengeneza mtakatifu mmoja na mkosaji mmoja, na mkosaji hajakosa chochote zaidi ya kuwa mzito.

Mchinjaji yeyote pale mnadani angenicheka. Ananunua ng'ombe mzima kwa bei moja, kisha anatoa steki, mchanganyiko, maini, utumbo, kichwa, makongoro na ngozi. Hajawahi kusema kilo ya kichwa imegharimu sawa na kilo ya steki. Anajua kichwani mwake kwamba kila kipande kinachangia kurudisha fedha ya ng'ombe kwa kadiri ya bei yake. Hiyo ndiyo njia ya thamani ya mauzo, na mchinjaji hakuisomea.

Tuigeuze hesabu yetu kwa njia yake. Mafuta ni 9,000,000 kati ya 12,250,000, kwa hiyo yanabeba 7,200,000 ya gharama ya pamoja. Mashudu yanabeba 2,600,000. Kilo ya mafuta ghafi inasimama kwa 2,400, kilo ya mashudu kwa 400. Faida: mafuta 1,800,000, mashudu 650,000, kila moja asilimia 20 ya mauzo yake. Kama ningeweka 400 badala ya 1,032 mfumo ungetoa ankara, na mimi nisingekuwa na hadithi ya kukusimulia.

Kiwango cha kimataifa cha uhasibu kinachohusu bidhaa zilizopo ghalani, IAS 2, hakikulazimishi njia moja. Aya ya 14 inataka mgawanyo uwe na mantiki na uwe ule ule mwaka hadi mwaka, na mfano inaoutoa ni huu wa thamani ya mauzo, ama pale bidhaa zinapotengana au zinapokamilika. Uzito haujaharamishwa. Una mahali pake, hasa bidhaa zikiwa na bei zinazokaribiana kwa kilo. Pale bei moja ilipo mara sita ya nyingine, kama kwetu, uzito unakudanganya mchana kweupe. Tena hata ukiutumia, kiwango hicho hicho kitakubana mwisho wa mwaka, kwa sababu bidhaa ghalani hurekodiwa kwa gharama au kwa kile utakachopata ukiiuza, kilicho kidogo. Kilo 4,000 za mashudu nilizokuwa nimeziandika kwa zaidi ya 4,126,000 hazikuweza kuzidi 2,000,000 hata kwa muujiza. Mkaguzi angezishusha, na zaidi ya milioni mbili zingegeuka hasara kwa kalamu moja. Halafu zile zilizooza, tafadhali usizirudishe kwenye gharama ya pamoja ukawabebesha wenzake waliopona. Upotevu usio wa kawaida ni hasara ya kipindi hicho, ukae peke yake mahali ambapo mwenye kiwanda atauona. Niliwahi kushawishika kuuficha. Kila mtu hushawishika.

Mafuta ghafi si lazima uyauze ghafi. Hapa ndipo kuna utamu, na ndipo wageni wengi wanapoangukia. Kiwanda chetu kilikuwa na mtambo wa kusafisha. Kilo 3,000 za ghafi zikipita humo zinatoka 2,850, zinauzwa 3,800 kilo, jumla 10,830,000. Kusafisha, madumu na lebo vinagharimu 1,380,000. Je, tusafishe au tuuze ghafi?

Mgeni huanza hivi: mauzo 10,830,000, toa gharama iliyobebeshwa mafuta 7,200,000, toa 1,380,000, inabaki 2,250,000, kwa hiyo tusafishe. Jibu ni sahihi, lakini kwa bahati. Ile 7,200,000 haina kazi hapa. Imeshatumika, mbegu zimeshakamuliwa, usafishe usisafishe haitarudi. Unachotakiwa kupima ni kinachoongezeka kwa kinachoongezeka: mauzo yanapanda kutoka 9,000,000 hadi 10,830,000, yaani 1,830,000 zaidi, na matumizi yanaongezeka 1,380,000. Tunapata 450,000 ya ziada. Safisha.

Sasa umeme ukatike wiki mbili, mtambo uendeshwe kwa jenereta, na gharama ya kusafisha ipande mpaka 1,900,000. Ukifuata hesabu ya mgeni, 10,830,000 toa 7,200,000 toa 1,900,000, kitabu bado kinakuonyesha faida ya 1,730,000 kwenye mafuta safi. Unatabasamu. Kumbe ungeuza ghafi ungepata 1,800,000. Umewasha jenereta siku kumi na nne ili upoteze 70,000. Nimeona kiwanda kikifanya hivi msimu mzima na taarifa zake zikiwa za kijani tupu. Ukitaka kujua kama mhasibu wa gharama anaelewa kazi yake, usimwulize fomula. Mwulize swali la jenereta.

Kama mafuta ghafi hayana soko kwenye eneo lako na huna bei ya pale mdomoni kwa mashine, unarudi kinyumenyume: chukua bei ya mwisho, toa gharama za kumalizia na kuuza, kinachobaki ndicho kipimo chako. Kwetu ingekuwa 10,830,000 toa 1,380,000, yaani 9,450,000. Pamoja na mashudu inakuwa 12,700,000, na mafuta yangebeba 7,292,126, mashudu 2,507,874. Tofauti na mwanzo ni ndogo. Ipo pia njia ya kulazimisha kila bidhaa imalizike na asilimia ile ile ya faida ghafi. Ijue kwa ajili ya mtihani wa NBAA, bodi ya taifa ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu. Kiwandani sijaona mtu akiitumia kwa hiari yake.

Kwa kuwa nimegusa mtihani: ukipewa bei kwenye hatua ya kutengana, itumie hiyo, usihangaike na ya mwisho. Halafu gawa kwa kiasi kilichozalishwa, si kilichouzwa. Mtunga swali hukuwekea namba zote mbili makusudi, na mbegu zilikamuliwa zote hata kama nusu ya madumu bado yako ghalani.

Mkanganyiko mwingine haumo vitabuni. Mafuta kwetu huuzwa kwa lita na mashudu kwa kilo. Mwezi wangu wa kwanza nilijumlisha lita na kilo nikapata jumla ya kitu ambacho hakipo duniani. Lita ya mafuta ya alizeti ni kama gramu 920, kwa hiyo dumu la lita 20 lina kilo 18 na kidogo. Chagua kipimo kimoja ukae nacho. Na kwenye mapokezi ya mbegu simama mwenyewe kwenye mzani angalau mara moja kwa wiki; gunia la lumbesa, lililojazwa kupita kipimo, linaandikwa "gunia moja" na karani asiyejali, na kila kilo isiyoandikwa pale mwanzo itakuja kukusumbua mwisho kama "ziada" isiyoelezeka.

Viroba vya mashudu na uzi wa kuvishonea ni mzigo wa mashudu peke yake. Madumu na lebo ni ya mafuta. Nimekuta mahesabu ambamo vyote vimetupwa kwenye kapu la gharama za pamoja kwa sababu "vimenunuliwa duka moja." Duka si kigezo. Kigezo ni kama kitu kilitumika kabla ya mdomo wa mashine au baada yake.

Vipi kuhusu mashapo, yale mazito yanayobaki chini ya tangi la mafuta? Yanachukuliwa na watengeneza sabuni kwa fedha ya chai. Hayo usiyagawie gharama. Chukua kile ulichopata, kipunguze kwenye gharama ya pamoja, endelea na maisha. Ndivyo IAS 2 inavyoruhusu kwa zao la ziada lenye thamani ndogo. Ila swali linabaki: mashudu nayo ni zao la ziada, au ni pacha wa mafuta? Kiwandani kwetu wazee waliyaita "uchafu wa mashine" kwa sababu walikumbuka enzi za kuyagawa bure. Lakini kitu kinacholeta 3,250,000 kati ya 12,250,000, zaidi ya robo ya mauzo, si uchafu. Ukikifanya zao la ziada, mafuta yatabeba 9,800,000 toa 3,250,000, yaani 6,550,000. Kilo ya mafuta itaonekana 2,183 badala ya 2,400, na mashudu yataonekana hayana faida wala hasara. Hakuna atakayeyatunza. Ghala linalovuja halitazibwa.

Na mpaka huu kati ya pacha na zao la ziada huhama. Kabla ya magari, walichotaka wasafishaji wa petroli ni mafuta ya taa. Ile sehemu nyepesi tunayotilia pikipiki leo ilikuwa kero, hawajui waipeleke wapi. Tanga, katika jani zima la mkonge nyuzi ni asilimia chache tu, na mabaki yalikuwa ya kutupa miaka nenda rudi, mpaka kwenye shamba la mkonge la Hale wakaanza kuyatumia kuzalisha biogesi na umeme. Kwa hiyo kila mwanzo wa msimu jiulize upya nani pacha na nani wa ziada, andika sababu, na ukibadilisha mwambie mkaguzi kabla hajakuuliza.

Limebaki la bei. Meneja atakuja kwako aseme, "Nipe gharama ya mashudu niongeze asilimia 20 niyauze." Usimpe. Au mpe na umweleze. Ile 400 uliipata kutokana na bei ya 500. Bei ikipanda hadi 700 kesho, "gharama" ya mashudu nayo itapanda na ya mafuta itashuka, bila mbegu kuwa ghali wala kibarua kuongezwa posho. Ukichukua namba iliyozaliwa na bei ukaitumia kupanga bei, unakimbizana na kivuli chako. Bei ya mashudu inapangwa na kuku wa Arusha na wanaowalisha. Chini yake kuna sakafu moja tu ya kweli, ambayo ni gharama za baada ya mdomo wa mashine: kiroba, uzi, upakiaji. Yakikulipa zaidi ya hapo, yauze kabla ya mvua. Mbegu ipimwe kwa mzigo mzima: je, mafuta na mashudu kwa pamoja yanarudisha 9,800,000? Hilo ndilo swali la kujiuliza kabla ya kununua tani nyingine. Baada ya kununua, limepita.

Nilichofanya baada ya aibu ile ni kitu kidogo. Kwenye taarifa ya mwezi niliacha faida ya kila bidhaa ionekane kwa ajili ya mkaguzi, lakini ukurasa wa kwanza, ule anaousoma mzee kweli, una mistari mitatu: mzigo mzima umeleta nini, kusafisha kumeongeza nini, mashudu yaliyolala ghalani yana siku ngapi. Na kizuizi cha ankara ya mashudu nikaomba kifungwe kwenye gharama ya kiroba na upakiaji, si kwenye namba yangu. Ilinichukua vikao viwili kumshawishi, kikao cha kwanza alidhani nataka kuwafungulia watu mlango wa wizi.

Msimu uliofuata yule mteja alirudi, na Fuso lile lile. Mtunza stoo akaja ofisini ananong'ona: "Bosi, tumpe kwa ngapi? Gharama yetu inasemaje?"

Nikamwambia aulize bei ya soko, asiniulize mimi. Wakapakia mpaka kamba zikakaza. Lilitoka getini kabla ya adhuhuri.